Kuchagua Mfumo Endeshi kwa Kompyuta za Msaada

Kompyuta ya msaada mara nyingi huletwa shuleni ikiwa imekwisha kutumika miaka mingi katika ofisi ya watu wengine. Kwa macho ni nzima: kioo chake chang'aa, wala hapana kibonyezo kilichong'oka. Lakini ikiwashwa hukawia mno, au huandika onyo kiooni kwamba haitunzwi tena. Ndipo watu husema, "Hii imekufa," wakaifungia kabatini. Mara nyingi haikufa. Imekosa mfumo endeshi unaoifaa.

Je, mfumo endeshi ni kitu gani? Mwajua kwamba katika shamba kubwa yuko mnyapara. Yeye hashiki jembe, lakini ndiye agawaye kazi: huyu apalilie, huyu achote maji, na huyu angoje zamu yake. Mfumo endeshi hufanya vivyo hivyo ndani ya kompyuta. Ukibonyeza herufi, ndio uipelekao kiooni; ukitaka kuweka barua yako, ndio uitafutiao mahali katika diski. Na kama vile mnyapara asivyoweza kufanya kazi asipopata watu wa kutosha, mfumo nao huhitaji nafasi katika kumbukumbu ya mashine. Kumbukumbu ni kama meza ya kufanyia kazi, na diski ni kama kabati. Meza ikiwa ndogo, hata ukiwa na kabati kubwa namna gani, kazi itakwenda polepole.

Kompyuta nyingi za ofisi zilikuwa na mfumo uitwao Windows 10. Kampuni ya Microsoft iliacha kuutunza kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Mfumo uliofuata, Windows 11, hutaka mashine iwe na kipande cha usalama kiitwacho TPM cha namna ya 2.0, na kumbukumbu isiyopungua gigabaiti 4. Tena huzikataa prosesa nyingi zilizotengenezwa kabla ya mwaka 2017. Kwa hiyo mashine nyingi nzuri ziliachwa bila mlinzi. Mfumo usiotunzwa haukatiki siku ile ile, bali matundu yake hayazibwi tena, na wezi wa intaneti huyajua.

Iko njia nyingine, nayo ni mifumo huria. Mfumo huria ni ule ambao mtu yeyote ana ruhusa kuutumia, kuyatazama maandishi ya ndani yaliyoutengeneza, kuyabadili, na kumpa mwenzake nakala. Angalieni neno hilo "ruhusa." Kunakili Windows bila leseni ni wizi, hata kama anayenakili ni mwalimu, lakini kunakili mfumo huria katika mashine kumi na mbili ni halali kabisa. Kazi hii ina wazee wake. Mwaka 1983, huko Marekani, Richard Stallman alitangaza kwamba ataunda mfumo wa namna hii, akauita GNU. Mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa chuo kikuu cha Helsinki katika nchi ya Finland, alianza kuandika kiini kilichokuja kuitwa Linux. Vitu hivyo viwili viliunganishwa, na toka hapo imezaliwa mifumo mingi sana. Mmoja wao, Ubuntu, ulianzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na jina lake, lililo la Kizulu na Kixhosa, ni ndugu wa neno letu "utu."

Wingi huu ndio unaowasumbua wachaguzi. Wengine hutazama uzuri wa picha zake, na wengine hufuata maneno ya kijana mmoja hodari aliyeusifu mfumo fulani. Mimi nasema yapasa kuanza na mashine iliyo dhaifu kupita zote. Tuseme shule imepewa kompyuta kumi na mbili: nane zina kumbukumbu ya gigabaiti 4, na nne zina gigabaiti 2. Mkiweka mfumo mzito katika zile nane na mwepesi katika zile nne, basi mtakuwa na shule mbili ndani ya chumba kimoja. Mwalimu atasema, "Bonyezeni chini upande wa kushoto," na watoto wa mashine nne hawatakiona kitu hicho. Afadhali mfumo mmoja kwa zote.

Kwa shule ya namna hiyo ningechagua Linux Mint, ule wenye sura iitwayo Xfce. Ulianza kutolewa mwaka 2006, nao umejengwa juu ya Ubuntu. Watengenezaji wake hutaka kumbukumbu ya gigabaiti 2, ingawa husema 4 ni bora. Sura yake ni rahisi: orodha ya programu iko chini kushoto, saa iko kulia, na kila dirisha lina alama ya kulifunga. Tena toleo la 22, lililotoka mwaka 2024, litatunzwa hadi mwaka 2029. Kwangu jambo hili lapita uzuri wote, maana anayeanza kujifunza huumizwa sana na kitu kibadilikacho kila mara. Mashine za kale kabisa, zile za biti 32, haziwezi tena kupokea Mint mpya. Hizo zitoe vipuri.

Wako wanaosema, "Ofisini watu hutumia Windows, mbona mwawafundisha watoto kitu kingine?" Swali hili ni la haki. Lakini kuandika kwa vidole vyote, kupanga mafaili, na kujumlisha hesabu katika jedwali ni kazi zile zile kila mahali, na Mint huja na LibreOffice ya kuzifanyia. Ikiwa iko programu moja ambayo shule haina budi kuitumia, nayo hukubali Windows tu, basi iwekwe mashine moja yenye leseni kwa kazi hiyo.

Kabla ya kufuta kitu chochote, mfumo hujaribiwa kutoka katika flashi, bila kugusa diski. Hapo tazameni kama sauti yatoka na kama wai-fai yashika. Kisha mketisheni mtoto asiyepata kugusa kompyuta, mwambieni aandike jina lake na kuliweka, nanyi mnyamaze. Pale atakapokwama ndipo mtakapojua ugumu wa mfumo ulipo. Tazameni pia vibonyezo. Mashine iliyotoka Ujerumani ina Z mahali pa Y, na iliyotoka Ufaransa ina A mahali pa Q. Mfumo waweza kuambiwa ufuate mpango mwingine, lakini herufi zilizochapwa juu ya vibonyezo zitabaki vile vile, na mtoto atazifuata hizo.