Kilwa ya Ziwa Mweru na joho la wakili

Asubuhi ufukweni Kashikishi, hapa Nchelenge, Zambia, samaki wadogo wa chisense walioanikwa mchangani hunukia mpaka barabarani, na boti kutoka ng'ambo ya Ziwa Mweru hushusha abiria wanaozungumza Kiswahili cha Kongo. Ng'ambo hiyo ndiko iliko Kilwa. Si ile ya Lindi yenye magofu. Hii ni ya Katanga, na Oktoba 2004 wakazi wake walikimbilia ziwani kwa mitumbwi, wengine hadi Zambia.

Kikundi kidogo cha waasi kilikuwa kimeuteka mji. Jeshi la Kongo lilipoukomboa, liliua zaidi ya watu 70. Askari walitumia magari ya Anvil Mining, kampuni ya Australia na Kanada iliyochimba shaba na fedha Dikulushi. Kampuni ilijitetea kwamba serikali iliyachukua magari hayo kwa amri, na haikuwa na la kufanya.

Juni 2007 mahakama ya kijeshi Lubumbashi iliwaachia huru wafanyakazi watatu wa kampuni walioshtakiwa kuhusiana na mauaji hayo. Madai yakapelekwa Quebec, Kanada, kwa niaba ya waathirika. Huko mawakili wa kampuni hawakuhitaji kubishania maiti. Walisema kesi hiyo si ya mahakama za Quebec. Januari 2012 Mahakama ya Rufani ya Quebec iliwakubalia, na Novemba Mahakama ya Juu ya Kanada ikakataa kuisikiliza.

Kanuni za uwakili ndivyo zinavyotaka: wakili amtetee mteja kwa kila hoja halali. Nakubali. Bila hivyo, mvuvi anayekamatwa akiwa na nyavu miezi ya kufungwa ziwa, Desemba hadi Februari, angekosa wa kumsemea. Lakini mama aliyezika mwanawe haulizi mahakama ipi ina mamlaka. Anauliza nani aliua. Pingamizi likishinda, swali lake linabaki pale pale, na mimi siwezi kumwambia kwamba mikono ya wakili ni safi kwa kuwa tu kanuni zimefuatwa. Kushauri nako ni kazi ya wakili. Wakiwa wawili ofisini, yeye na mteja, hakuna kanuni inayomzuia kumwambia: hoja hii tunayo, lakini watu hawa wanastahili kujibiwa.

Iliyojibu ni Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Uamuzi wake, uliotangazwa 2017, uliitia hatiani serikali ya Kongo na kuiagiza iwalipe waathirika wanane na familia zao dola milioni 2.5, iombe radhi hadharani na kuwashtaki wahusika. Shauri hilo nalo lilipelekwa na mawakili.