Yoga na Breki ya Moyo

Juni 21 ni Siku ya Kimataifa ya Yoga, iliyopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2014, na kila ikikaribia swali hili huibuka. Safari hii ameliuliza msomaji: "Nikifanya yoga, bado nahitaji kutembea au kukimbia?" Majina ya mikao tuyaache. Tuanze na mapigo ya moyo.

Weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, chini ya kidole gumba. Vuta pumzi taratibu, kisha ishushe taratibu zaidi. Ukivuta, mapigo yanafuatana upesi, ukishusha, yanaachana. Ndivyo moyo wenye afya unavyofanya.

Moyo ukiachwa peke yake hupiga mara 100 hivi kwa dakika. Ukitulia unapiga 60 au 70, kwa sababu neva ya vagasi, inayoteremka kutoka kwenye shina la ubongo, imeuzuia. Ni kama baiskeli kwenye mteremko: mwendo inao tayari, kazi ya mwendeshaji ni breki. Pumzi ikiingia, analegeza kidogo; ikitoka, anabana tena. Mwendeshaji mzoefu habani moja kwa moja wala haachii kabisa, ndiyo maana kona hazimshtui.

Uhondo wenyewe ni huu. Kwenye kuta za mishipa mikubwa ya shingoni na ya jirani na moyo kuna ncha za neva zinazohisi mshipa ukitanuka. Naziita vipimapresha, maana "presha" ndilo neno la zahanati. "Shinikizo" limebaki vitabuni. Presha ikipanda vinatoa taarifa, breki inabanwa, presha inashuka, na wimbi hilo huchukua sekunde 10 hivi. Ukipumua mara 6 kwa dakika, kila pumzi nayo ni sekunde 10. Mawimbi mawili yanakutana na kukuzana! Mwaka 2001, Luciano Bernardi wa Italia na wenzake walionyesha kwamba kukariri mantra za yoga, na hata rozari kwa Kilatini, hupunguza kasi ya pumzi hadi karibu mara 6 kwa dakika, na vipimapresha vikawa vyepesi zaidi kuhisi.

Lakini breki haipandishi baiskeli mlimani. Yoga ya taratibu hutumia nguvu kama mara mbili na nusu ya mtu aliyeketi. Kutembea kwa haraka huvuka mara tatu. Shirika la Afya Duniani linataka dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na kuimarisha misuli angalau siku 2. Yoga ina kusukuma sakafu kwingi, lakini karibu haina kuvuta. Anayevuta ndoo kisimani anafanyisha kazi misuli ambayo mkeka hauigusi.

Kwa maumivu sugu ya kiuno yoga inasaidia. Mwenye presha ya macho asisimame kichwa chini, na dawa za presha zisiachwe.

Basi msomaji, endelea na yoga, lakini viatu vya kutembelea usivitundike.