Zunguka Mlima, Ufuate Maji

Mwenye haraka ya kufika pwani akitoka Same hushika lami ya Makanya na Hedaru, na hadi anaingia Korogwe alichokiona cha Upare ni migunga, vumbi na mkonge. Akifika atakwambia Upare ni nchi kame. Mimi nasomesha jiografia, na kauli hiyo huniuma, kwani ameuona mlima kisogo tu.

Upepo wenye unyevu hutoka Bahari ya Hindi. Ukigonga miteremko ya mashariki hupanda, hupoa, na mvuke wake hugeuka mawingu na mvua. Ukishavuka kilele cha Shengena, mita 2,462, hushuka mkavu, na kila unaposhuka hupata joto na kuzidi kuikausha ardhi. Makanya ipo chini ya upepo huo.

Lakini hata huko Wapare hawakukaa kuisubiri mvua. Tafuta mwenyeji akuonyeshe ndiva, bwawa dogo la kienyeji lililojengwa mlimani kwa mawe na udongo. Jioni tundu la chini huzibwa, kijito kinalijaza bwawa usiku kucha. Asubuhi tundu linazibuliwa, maji yanashika mfereji kwenda kwa mwenye zamu. Kijito chembamba kikielekezwa shambani moja kwa moja huishia mchangani kabla ya kufika shamba la mbali. Kikikusanywa kwanza, hushuka kwa nguvu na kufika. Hiyo ni hesabu ya maji iliyokamilika, na sioni sababu ya kuiita ya kizamani.

Kama una siku mbili, iache lami palepale Same, ushike barabara ya Kisiwani inayopita upande wa mashariki wa mlima. Mwendo mfupi tu utaliona lango la Zange la Hifadhi ya Mkomazi, walikorudishwa faru weusi kutoka Afrika Kusini mwaka 1997. Tambarare hizo nazo ni kavu, maana mvua imebaki juu. Ila usikate tamaa: mbele kuna Gonja yenye maporomoko, kisha Ndungu na majaruba ya mpunga yanayonyweshwa na maji ya mlimani. Panda Mamba Miamba ukaone tangawizi ikichimbwa. Vunja kipande chenye udongo bado mbichi kwenye vifundo, harufu yake haitoki mkononi hadi usiku.

Maji ya upande huo huingia Mto Mkomazi, nao huingia Pangani, mto unaozungusha mitambo ya umeme ya Hale kabla ya kufika baharini. Kwa hiyo usiishie Tanga mjini. Nenda Pangani, usimame mtoni wakati maji yanakupwa, uangalie wekundu wa udongo unavyosukumwa kuingia kwenye buluu ya bahari. Sehemu ya udongo ule ni ya Upare.