Msaidizi au Kisaidizi? Tangazo la Nyota na Wajibu wa Mfasiri

Msomaji wetu mmoja, mwalimu wa Kiswahili huko Usa River wilayani Meru, ametuletea swali ambalo twaona linawahusu wafasiri na watumishi wa serikali sawa na walimu. Aliwapa wanafunzi wake zoezi la kufasiri tangazo la simujanja, ambamo mwigizaji mashuhuri anaisemesha simu yake nayo inamjibu. Baadhi yao waliandika "msaidizi alimjibu". Wengine wakaandika "kisaidizi kilimjibu". Mwalimu anauliza ni kundi lipi limepatia. Anaongeza kwamba mzazi mmoja alimwuliza kama simu ya namna hiyo, akienda kuinunua Arusha mjini, itamsikia akiisemesha Kiswahili.

Maswali hayo mawili, kwa maoni yetu, ni swali moja. Ili kulijibu, hapana budi kwanza tueleze jinsi watu walivyoyapokea matangazo ya aina hiyo huko yalikoanzia.

Kampuni ya Apple ya Marekani ilitoa chombo kiitwacho Siri mwezi Oktoba 2011, kikiwa kinaelewa Kiingereza, Kifaransa na Kijerumani tu. Mwezi Aprili 2012 yalitoka matangazo ya televisheni ya waigizaji Zooey Deschanel na Samuel L. Jackson, baadaye wakafuata John Malkovich na mwongozaji wa filamu Martin Scorsese. Deschanel alionyeshwa akiwa dirishani, mvua ikinyesha nje, huku akiiuliza simu kama ile ni mvua. Watazamaji wengi walicheka, wakasema kwamba mwenye macho hana haja ya kuulizia mvua iliyo mbele yake. Wengine hawakucheka, bali walinung'unika kwamba simu zao hazikuwa na wepesi wa kusikia na kujibu kama ile ya nyota.

Miaka mingi baadaye kicheko kiligeuka kuwa kesi. Mwezi Septemba 2024 mwigizaji wa Kiingereza, Bella Ramsey, alionyeshwa akiiuliza simu jina la mtu aliyekutana naye mkahawani miezi michache iliyopita, nayo ikalitaja papo hapo. Mwezi Machi 2025 kampuni ilikiri kwamba uwezo huo ungechelewa, na tangazo likaondolewa. Mwezi huohuo wateja walifungua mashtaka huko California. Mwezi Aprili 2025 National Advertising Division, chombo cha wenye biashara wa Marekani cha kuchunguza ukweli wa matangazo, kilishauri kampuni ibadili au iache madai kwamba mambo hayo "yanapatikana sasa". Kampuni haikukubaliana na maoni hayo, lakini ilisema itaufuata ushauri.

Ni dhahiri kwamba watu hawakumkataa nyota. Walichokikataa ni ile picha ya mashine inayoelewa kama mtu, na ya jambo la kesho linalosemwa kana kwamba limekwisha kuwa. Mambo hayo mawili, katika lugha yetu, yamo mikononi mwa mfasiri: la kwanza katika ngeli, la pili katika wakati wa kitenzi.

Tuanze na ngeli. Kiingereza hakina ngeli kama zetu; neno lake la "msaidizi" laweza kuwa la mtu ama la kitu bila kubadilika. Kiswahili humlazimisha msemaji achague. Mfasiri aandikapo "msaidizi alimjibu" amekitia chombo katika jamii ya karani, mkunga na mwalimu, na huenda mwenye tangazo mwenyewe hakuthubutu kusema hivyo waziwazi. Kwa hiyo twapendekeza *kisaidizi cha sauti*. Neno hili lina ndugu wengi: kinasa sauti, kipaza sauti, kikokotozi, kishikwambi. Wala umbo lake si geni darasani, kwani kila mwalimu wa sarufi amefundisha kitenzi kisaidizi. Kiunganishi "cha" nacho chafaa. Kama vile jiko la mkaa ni jiko linalotumia mkaa, kisaidizi cha sauti ni kisaidizi kinachotumiwa kwa sauti. Tukisema "kisaidizi sauti" kwa kuiga "kinasa sauti" tutapotosha maana, maana kinasa sauti hunasa sauti, lakini chombo hiki hakiisaidii sauti bali humsaidia mwenye sauti.

Yafaa kuonya kwamba kiambishi ki- peke yake hakitoshi. Kiongozi na kiziwi nao huanza kwa ki-, lakini twasema "kiongozi amesema", kwa kuwa ni watu. Upatanisho ndio unaoamua. Basi iandikwe "kisaidizi kimejibu", wala si "kisaidizi amejibu". Na jina Siri liandikwe daima kwa herufi kubwa na kutanguliwa na neno kisaidizi, ama sivyo msomaji wetu atadhani anaelezwa habari za mambo ya kufichwa.

Kuhusu wakati wa kitenzi, tofauti kati ya "kinakumbuka" na "kitakumbuka" ni silabi moja tu, lakini ndiyo tofauti iliyozua mgogoro wa 2025. Katika Tanzania, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kibiashara unaopotosha. Mtumishi atakayepokea malalamiko ya mnunuzi atasoma maneno ya Kiswahili yaliyo mbele yake, wala si yale ya asili. Mfasiri aliyeweka -na- mahali pa -ta- atakuwa ameandika ahadi ambayo hakuna aliyeitoa.

Liko pia neno *balozi*, ambalo magazeti yetu hulitumia kwa nyota anayelipwa kuitangaza bidhaa. Mzee wa Usa River anamjua balozi wa nyumba kumi: ni jirani yake, na akikosea huulizwa na majirani. Nyota wa tangazo huulizwa na kampuni iliyomlipa. Twaona ni afadhali aitwe *mnadi*, kwani kunadi ni kutangaza mali kwa wanunuzi, na kila aendaye sokoni anajua kwamba anayenadi anataka kuuza.

Tumjibu basi mwalimu wetu. Waliopatia ni walioandika "kisaidizi kilimjibu". Wenzao hawakukosa sarufi, bali walimwamini mnadi kupita kiasi, na hilo lafaa kuelezwa darasani kabla ya alama kukatwa. Na mzazi aambiwe wazi kwamba hadi mwaka 2025 Kiswahili hakikuwamo miongoni mwa lugha za Siri. Ni kweli kwamba tangu mwaka 2017 kampuni ya Google imewezesha simu kuandika maneno ya Kiswahili yanayotamkwa, lakini kuandika linalosemwa si sawa na kulielewa na kulijibu. Kabla hajatoa fedha yake, aombe muuzaji amwashie simu, aisemeshe kwa Kiswahili chake mwenyewe, asikilize itakavyojibu.