Istilahi za Mshoni: Badani, Taharizi na Kikwapa

Anayejishonea kanzu fupi ya kitani nyumbani hana haja ya kuazima istilahi. Kwanza hukirowesha kitambaa na kukianika kabla ya kukikata, kwani kitani hurudi kikifuliwa. Kisha hukata badani, yaani kiwiliwili cha vazi. Taharizi, vipande vya ubavuni vinavyolipanua. Na kikwapa, kipande cha kwapani kinachouwezesha mkono kunyanyuka bila mshono kufumuka. Kaba huimarisha shingo. Katika suruali pana, nefa ndiyo ipitishayo kamba kiunoni. Maneno haya yamo kamusini, lakini hufifia vinywani kadiri tunavyozoea nguo zilizoshonwa tayari. Wanafunzi wa Kiswahili, tuyajue kwa sindano pia, si kwa kalamu pekee.