Uko na Oscar Mkali kwa Keja? Hivi Ndivyo Unamhamisha Tenki Bila Kumdedisha



Wacha nianze na aibu yangu. Oscar wangu wa kwanza, tulikuwa tunamuita Chifu, alidedi siku ya nne baada ya mimi kumnunulia tenki kubwa. Haikuwa njaa, haikuwa ugonjwa. Nilimuua na usafi. Nilikuwa nimeacha kampasi, nimerudi home, na doh kidogo niliyokuwa nayo ikaingia kwa hiyo tenki. Nikaosha kila kitu: mawe, filta, sponji, mpaka ikang'aa. Nikajaza maji ya mfereji, nikamweka ndani. Kwa macho ilikuwa safi. Kumbe nilikuwa nimemhamishia kwa nyumba haina choo.

Oscar ni mse wa Amerika Kusini, huko mito ya Amazon, na ni wa ukoo mmoja na tilapia. Unamnunua akiwa mdogo kama kidole, lakini anaweza kufika sentimita 30 na zaidi, na ukimtunza anaishi miaka 10 ama kupita. Ana hasira, anajua mipaka yake, na samaki yeyote anatoshea mdomoni ni lanchi. Kwa hivyo siku ya kumhamisha itafika tu. Form ni hii.

1. Hamisha choo kabla ya mwenye nyumba
Samaki hutoa amonia kupitia matamvua na kinyesi. Hiyo ni sumu. Kwa sponji ya filta kuna bakteria wanaibadilisha kuwa nitraiti, ambayo bado ni sumu, halafu nitreti, ambayo si kali sana. Tenki mpya haina hao bakteria, na kuwakuza kutoka sufuri huchukua kama wiki 4 hadi 6. Chifu hakuwa na wiki 6.

Dawa ni rahisi: usioshe filta ya zamani. Itoe ikiwa na maji, iweke kwa tenki mpya hiyo hiyo siku. Beba na mawe ya zamani. Sponji ikiwa imejaa uchafu, ikamue kwa maji ya tenki ya zamani, si ya mfereji, kwa sababu klorini inaua bakteria.

2. Maji ya huku ni baridi, manze
Oscar anataka nyuzi 24 hadi 28. Kericho iko juu, kama mita 2,000, na maji ya mfereji asubuhi yanauma hadi mifupa. Tayarisha maji siku moja mapema: yaache kwa ndoo wazi ama tumia dawa ya kutoa klorini, kisha washa hita hadi thamomita ilingane na tenki ya zamani. Maji ya mvua hayana klorini, lakini changanya na ya zamani, usimwage yote mara moja.

Kitu kingine: huku juu hewa ni nyepesi, na maji hushika oksijeni kidogo kuliko kule chini Mombasa. Hiyo hewa inatupa wakimbiaji, lakini Oscar hakimbii maratoni. Pampu ya hewa ni lazima.

3. Siku yenyewe
Usimlishe siku moja kabla, ndio asichafue maji njiani. Zima hita na uchomoe kila kitu kwa soketi kabla ya kupunguza maji. Hita ikiwaka nje ya maji inapasuka, na mkono uliolowa na stima si marafiki.

Usiinue tenki ikiwa na maji. Lita moja ni kilo moja, so tenki ya lita 300 ni kilo 300 bila kuhesabu kioo. Meza ya kahawa haitaweza.

Zima taa, na sahau wavu: miiba ya mapezi inanasa, anajirarua akipigana. Mwelekeze mos mos aingie kwa beseni ama ndoo ya lita 20 ikiwa ndani ya maji, maji yawe yake ya zamani. Funika haraka, huyu huruka. Kama unatoka Kericho kwenda Bomet, acha nafasi ya hewa juu, funga ndoo na blanketi, na uweke pampu ya betri. Usimpeleke na nduthi.

4. Mtambulishe pole pole
Ukifika, ongeza maji ya tenki mpya kwa ndoo yake kidogo kidogo, kwa mpira mwembamba kama wa dripu, karibu dakika 45. Kama kuna samaki wengine, panga mawe upya kwanza, ndio kila mtu aanze bila mtaa wake. Kichwa ngumu ndiye anaingia mwisho. Funika tenki, uweke kitu kizito juu.

5. Drama ya kawaida na ngori ya ukweli
Oscar akinuna hulala ubavu na kukataa chakula siku mbili tatu. Usipanik. Lakini akihema juu ya maji na matamvua yakienda mbio, hiyo ni amonia ama oksijeni imepungua. Badilisha robo ya maji hapo hapo na uongeze hewa.

Stima ikipotea, na huku mvua ikinyesha hupotea, funga tenki na blanketi, teka maji na kikombe uyamwage kutoka juu yaingie na hewa.

Mwisho, kama amekushinda, mpe mse mwingine ama rudisha dukani. Usimtupe kwa damu ya shamba la chai wala Nyangores. Maji ya huku mengi yanaishia Ziwa Victoria, na mbuta aliyewekwa huko miaka ya 1950 alichangia kumaliza mamia ya aina za samaki wadogo.

Chifu wa pili ako hapa nikiandika. Ameninunia tangu asubuhi. Filta yake ni chafu, na ako fiti.