Nadharia na Utendaji katika Fenomenolojia

Aghalabu wafasiri hupanga "nadharia" na "vitendo" kama mambo mawili yaliyo mbalimbali: mtu ajue kwanza, kisha atende. Katika maandishi ya fenomenolojia mpango huo humpotosha msomaji.

Fenomenolojia ni tawi la falsafa lichunguzalo namna vitu vinavyojidhihirisha katika fahamu. Liliasisiwa na Edmund Husserl (1859-1938) kwa kitabu chake Logische Untersuchungen cha 1900-1901. Mwaka 1913 Husserl alieleza kwamba uchunguzi huo humtaka mtu asitishe kwa muda ile imani ya kila siku kuwa ulimwengu upo tu mbele yetu. Usitishaji huo si fundisho la kukaririwa. Ni tendo ambalo kila mchunguzi hulitenda mwenyewe. Basi, kwa Husserl, nadharia yenyewe hutegemea utendaji.

Martin Heidegger, aliyepata kuwa msaidizi wake huko Freiburg, alilikabili suala hili kwa upande wa pili. Katika Sein und Zeit (1927) alitoa mfano wa nyundo. Fundi apigiliapo msumari haikodolei nyundo macho. Huitumia, na kwa kuitumia huijua barabara. Ikivunjika, ndipo huwa kitu cha kutazamwa. Hata hivyo utendaji si kipofu: una uoni wake, ambao Heidegger aliuita Umsicht. Kutazama nako ni namna mojawapo ya kushughulika na vitu.

Je, tutumie istilahi zipi? "Nadharia" na libaki, kwani mzizi wake wa Kiarabu una maana ya kutazama, kama lilivyo neno la Kigiriki theoria. Taabu ipo katika neno la pili. "Mazoezi" hudokeza kujifunza tu. "Vitendo", kwa kuwa limezoeleka kuwa kinyume cha nadharia, hurudisha mgawanyo uleule unaopingwa. "Utendaji" lafaa zaidi, ijapokuwa maofisini humaanisha utekelezaji wa kazi. Kwa Umsicht, "uoni wa kazi" ni bora kuliko "uangalifu", ambao ni tahadhari tu.

Jambo hili haliwahusu wanafalsafa peke yao. Mwalimu anayegawa vipindi vya nadharia na vya vitendo, akisoma tafsiri isiyo sahihi, ataamini kwamba fundi hajui lolote mpaka aelezwe na msomi. Fenomenolojia yafundisha kinyume cha hayo, na istilahi zetu hazina budi kuliruhusu fundisho hilo lisikike.